Mguu Uliochomwa Sindano

Watoto wa mtaa wananiita Mama Matone. Wakiniona na sanduku langu la barafu la chanjo begani, wengine wanafumba midomo kwa mikono miwili na kutimua mbio, utadhani nimewabebea pilipili. Nina miaka hamsini na mbili, magoti yananilia kila nikipanda ngazi za watu, na mdomo wangu hauna breki. Hili la mdomo nalisema mapema, maana kuna neno moja nililimeza miaka kumi na moja, mimi mropokaji, na kisa hiki ni cha siku nilipolitoa. Kinamhusu fundi viatu wa mtaa wetu.

Fundi anafanya kazi chumba cha mbele cha nyumba yake, mlango ukifunguka barabarani. Ana meza fupi, kopo la gundi, vipande vya tairi kuukuu, na kile chuma chenye umbo la unyayo ambacho mafundi hukivalisha kiatu wakati wa kukigonga. Chuma hicho anakiita mguu wake wa tatu. "Na ndio pekee usionisumbua," husema. Misumari anaibana kwa midomo, na anaongea nayo humo humo bila kuimeza, tangu nimjue. Mguu wake wa kushoto ni mguu. Wa kulia ni mwembamba kama mkono wa mtoto, umeshikiliwa na vyuma viwili mpaka juu ya goti, na kiatu chake kimejengwa kwa tabaka za mpira ili miguu ilingane. "Cha kushoto nyumba ya chini," huwaambia wateja wakikodoa macho, "cha kulia ghorofa." Watu wanacheka, yeye anaendelea kugonga.

Usidhani ni mtu wa kuhurumiwa. Jaribu kumshika kwapani anapoinuka, uone atakavyokupa vidonge vyako. Mama yake alimbeba mgongoni kwenda shule mpaka darasa la tatu, kisha mgongo wa mama ukakataa, naye akawa anasota mwenyewe, kandambili kazivaa viganjani. Anasema ufundi ulimchagua kwa sababu alikuwa chini, usawa wa viatu vya watu, akiviona vyote vilivyochanika. Alioa, akapata binti mmoja, akafiwa na mke. Binti anafanya kazi kiwanda cha kufungasha sabuni, anatoka alfajiri, na mtoto wake wa miaka mitatu anashinda na babu pale pale, akipanga visigino vya zamani sakafuni kama mabehewa ya treni. Mtoto huyo hajawahi kupata chanjo ya polio hata moja. Yeye ndiye aliyekuwa ananikosesha raha.

Ili unielewe, lazima nikwambie ya baba yangu. Alikuwa dresa katika zahanati ya mtaa, yaani mtu wa kufunga vidonda na kuchoma sindano, na watu wakamwita Bwana Sindano kwa heshima. Enzi hizo mama aliyempeleka mtoto mwenye homa akarudi na vidonge tu alijiona amefukuzwa. Majirani wangemuuliza, "Vidonge? Kwani hukuwaambia mtoto anaumwa?" Homa bila sindano haikuhesabiwa kuwa imetibiwa. Watu waliamini hivyo, na baba naye aliamini. Fundi alipokuwa na miaka minne akashikwa na homa, kichwa kinauma, shingo imekaza. Mama yake akambeba mpaka zahanati na kumwambia baba, "Nakuomba umchome, asije akanifia." Baba akamchoma tako la kulia. Mtoto akalia, akabembelezwa, akarudi nyumbani kwa miguu yake. Siku ya tatu asubuhi akataka kushuka kitandani, mguu wa kulia ukagoma. Ulikuwa umelegea kama kitambaa kilicholowa.

Mtaa ukatoa hukumu siku hiyo hiyo: Bwana Sindano amechoma mshipa. Jina la heshima likageuka tusi. "Sikugusa mshipa," baba akasema, na akaendelea kusema maisha yake yote. Mgeni akija kwetu, hata awe amekuja kuazima ngazi, baba alichukua mto wa kiti, akaugawa robo nne kwa kidole, na kuonyesha robo ya juu ya nje. "Nilichoma hapa. Mshipa hauko hapa." Marehemu mama alikuwa anatoka chumbani kabla hajamaliza. Akina mama wakawa wanaipita zahanati yetu kwenda ile ya mbali. Shuleni watoto walinikimbia wameshika makalio, wanapiga kelele, "Mtoto wa Bwana Sindano huyo!" Nilipigana sana, nakiri. Ndiyo maana nikasomea afya. Wengine husema walipata wito. Mimi nilikwenda kumtafutia baba yangu wakili.

Na nikampata, au nilidhani nimempata. Chuoni tulifundishwa polio. Kirusi chake kinatoka kwenye kinyesi cha mtu mmoja na kuingia mdomoni mwa mwingine, kwa maji machafu, kwa mkono usiooshwa, kwa mpira uliotumbukia mtaroni. Kinazaliana kooni na tumboni, na kwa wiki kadhaa mwenye nacho anakimwaga chooni bila habari. Wengi hawaumwi kitu. Wengine homa ya siku mbili tatu, basi. Lakini kwa wachache sana, kama mmoja kati ya mia mbili, kinafika ndani ya uti wa mgongo. Humo mna seli za neva zinazopeleka amri kwenye misuli: inua, kunja, kanyaga. Kirusi kinaingia ndani ya seli hizo, kinazitumia kujizalisha, kisha kinaziua, na seli hiyo ikifa hairudi. Msuli unabaki unangoja amri isiyokuja, na msuli usiotumwa unanyauka. Neva za kuhisi kinaziacha, kwa hiyo mguu wa polio hauendi lakini unasikia hata sisimizi akipita.

Hapo nilikaribia kuruka kitini. Fundi anahisi! Nilishamsikia kwa masikio yangu akiutukana msumari uliomchoma unyayo wa kulia, matusi ya nguoni. Kama baba angechoma mshipa, mguu ungemlegea pale pale zahanati na unyayo ungekufa ganzi. Nikarudi nyumbani mbio. Baba alinirudisha nyuma mara tatu nimwambie upya, kisha akavaa koti lake la kwenda kwenye mikutano na kunivuta mkono mpaka kwa Fundi.

Fundi alitusikiliza mpaka mwisho. Akatema misumari kiganjani, jambo ambalo hufanya akiwa hana mzaha. "Mzee, nimekuelewa. Nina swali moja tu. Nina miguu miwili. Ulichoma wa kulia, umekufa wa kulia. Hivyo virusi vyenu vilijuaje mguu wa kuchagua?"

Baba akanitazama mimi, msomi wake. Mimi nikatazama ukuta. Tukarudi nyumbani kama tulivyokuja, na tangu siku hiyo Fundi hakuruhusu kitu cha kliniki kuvuka mlango wake, si kidonge, si kadi, si tone. Binti yake alikua hivyo, na alipozaa akasema mambo ya chanjo aulizwe babu, yeye ndiye aliyelipa kwa mguu.

Sasa lile neno. Miaka kumi na moja iliyopita tulipelekwa semina. Daktari mmoja mama, mtu mzima, sauti ya chini, akatueleza kwa nini siku hizi hatuchomi ovyo sindano watoto wenye homa. Akasema kama kirusi cha polio kimeshaingia mwilini, na mtoto akachomwa sindano kwenye msuli, msuli ule unapata jeraha dogo, na jeraha lile linakifungulia kirusi njia. Kinaidandia neva ya msuli ule ule, kinapanda nayo mpaka mahali pale pale kwenye uti wa mgongo panapouamuru mguu ule. Wenzangu wakaandika. Kalamu yangu ikasimama. Nilitoka nikajifungia chooni nikalia mpaka mlango ukagongwa. Jibu la Fundi nilikuwa nalo, na sikumwambia mtu. Nilijidanganya kuwa namlinda mzee wangu. Loo, nilikuwa najilinda na mimi! Nilishapigana ngumi kwa ajili ya jina lile; nisingelivua kirahisi.

Mwaka huu maji ya mtaro mkubwa unaopita nyuma ya nyumba zetu yakapimwa, yakakutwa na kirusi. Hakuna mtoto aliyekuwa amelemaa, ila kilikuwa kinazunguka matumboni mwa watu waliojiona wazima kabisa. Tukagawiwa masanduku, chaki na kalamu za wino: matone mawili mdomoni, alama kwenye kidole cha mwisho cha mtoto, alama mlangoni. Mlango wa Fundi niliugonga mara mbili, na mara mbili nikauchorea alama ya kukataa. Msimamizi wetu, kijana mwenye haraka zake, akaniambia, "Mama, huyo mzee tutamwendea kesho na kiongozi wa mtaa na askari."

"Ukimpelekea askari," nikamwambia, "mtoto atapelekwa kwa ndugu zake mbali huko, na hutamwona tena. Nipe asubuhi moja."

Akanipa, kwa shingo upande.

"Hodi, Fundi."

"Binti Sindano! Karibu. Ila sanduku lako liache nje, lisije likapata joto." Alisema hivyo huku misumari inamtikisika mdomoni. Mjukuu alikuwa sakafuni na treni yake ya visigino, miguu ina matope mpaka magotini, kidole gumba mdomoni.

"Huyu katoka wapi na matope haya?"

"Mtaroni. Mpira wake ulitumbukia, akaufuata. Mtoto ana miguu miwili, mwache aitumie."

Nilikaa kwenye kigoda cha wateja bila kuambiwa. Nikaanza hotuba yangu ya siku zote, maji ya mtaro, kirusi, wengi wasioumwa, mmoja anayelemaa, na yeye akawa anagonga soli, ko, ko, ko, mpaka nikaishiwa. Kisha akasema bila hata kuniangalia, "Umemaliza? Haya, nijibu swali langu. Mwaka wa ishirini na ngapi huu nalisubiri? Vilijuaje mguu?"

Nilimtazama yule mtoto na kile kidole chake mdomoni, nikaona ujinga wangu wote. Nikapiga moyo konde.

"Vilionyeshwa njia, Fundi. Sindano ndiyo iliyovionyesha."

Nyundo ikabaki hewani.

Nikamweleza yote, kama nilivyoelezwa semina. Kwamba ile homa aliyopelekwa nayo ndiyo ilikuwa polio yenyewe, tayari imo mwilini, sindano haikuileta. Kwamba pengine ingepita kama homa ya watoto wengine, akabaki na miguu yake miwili, na pengine isingepita. Hilo halijui mtu. Ila kwa nini mguu wa kulia na siyo wa kushoto, hilo linajulikana. Ni pale alipochomwa. Fundi akatoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, akaiweka mezani.

"Baba yako alijua?"

"Hakujua. Pale zahanati hakuna aliyejua. Hata mama yako alipoiomba hakujua."

"Mama yangu alikufa anajilaumu kwamba aliiomba." Akashika kile kiatu alichokuwa anakigonga. "Na wewe umejua lini?"

Ningeweza kudanganya. Jana hiyo, juzi, nani angenikamata? "Miaka kumi na moja."

"Kumi na moja!" Kiatu alichokishika kikaenda ukutani, mtoto akaangua kilio. "Kumi na moja unapita hapa! Fundi hujambo, Fundi kisigino changu, Fundi ukanda umekatika, na jibu langu umelikalia! Mimi niliitwa mjinga, unajua? Madaktari, walimu, baba yako na koti lake, wote wananiambia ni kinyongo tu, sindano haihusiki hata chembe. Kuna siku nilijiona kweli nina kichaa. Mguu ni wangu, niliona kwa macho yangu, halafu naambiwa sikuona!"

Nililia tu, mtu mzima mimi, kamasi mpaka mdomoni, na yule mtoto analia upande wake. Fundi akamvuta mjukuu kwenye goti la kushoto na kumfuta uso kwa kitambaa cha gundi kilichokuwa karibu. Alimfuta na mikono, kidole kwa kidole, akayatazama yale matope muda mrefu.

"Hayo matone yako yana sindano?"

"Hayana. Ni mdomoni. Yanalifundisha tumbo lake kukitambua kirusi na kukipiga vita kabla hakijafika mbali. Na nitarudi mwezi ujao, mara moja haitoshi."

"Watu wanaonificha siwapi mjukuu wangu," akasema. "Leo hujanificha. Lete sanduku."

Nikalileta, nikafungua kichupa. Babu mwenyewe ndiye aliyemwambia mtoto, "Tanua, mama, tanua, babu aone meno ya nyuma." Tone la kwanza, tone la pili. Mtoto akalamba midomo na kuacha kulia, akaniuliza kama yapo mengine. Nikampaka wino kidoleni. Fundi akamshika mguu mmoja, akamshika na wa pili, akaibana yote miwili kwenye kiganja kimoja. Hakuniangalia aliposema, "Na mzee naye aambiwe."

"Fundi, mzee ana miaka themanini na tatu. Itammaliza."

"Miaka hamsini ananiambia hakugusa mshipa, na kumbe kweli hakugusa. Na mimi miaka hamsini namwambia ni sindano yake, na kumbe kweli. Akae gizani yeye peke yake kwa nini? Umwambie wewe. Leo."

Nilifuta ile alama ya zamani mlangoni kwa kiganja na kuchora mpya. Nilimaliza nyumba zangu zote zilizobaki, nikivuta muda, sitaki kukudanganya. Saa tisa alasiri sikuwa na nyumba nyingine ila yetu.

Baba alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, redio sikioni. Nilimwamkia, nikavuta kiti kingine, nikamwambia. Nilidhani atanikatisha na lile neno lake la siku zote. Hakunikatisha. Alizima redio na kuanza kuniuliza, sauti ile ya kazini ambayo nilikuwa sijaisikia tangu astaafu.

"Kinapanda kwa neva?"

"Ndiyo, baba."

"Ya msuli ule ule uliochomwa?"

"Ule ule."

"Kama mtoto kachomwa mkononi?"

"Basi ni mkono, baba."

Akatikisa kichwa polepole. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumtuliza, kwamba hakukosea mahali, kwamba enzi zile wote walichoma, kwamba mtoto wa watu leo amepata matone kwa sababu ya ukweli huu. Hakuyahitaji. Alikuwa anatazama nje.

"Msimu ule homa zilikuwa nyingi," akasema. "Mtoto wa muuza mkaa, mguu wa kushoto. Nilimchoma kushoto kwa sababu kulia alikuwa na jipu. Binti wa mshona magodoro, mkono wa kulia. Alikuwa mnene, nikamchoma begani. Mapacha wa karani wa posta walikuja na homa wote wawili. Mmoja baba yake alikataa asichomwe, maana mtoto alikuwa analia sana. Yule niliyemchoma ndiye aliyelemaa. Mguu wa kulia."

Hao sikuwahi kuwasikia hata siku moja. Mtaa ulimshikia bango mtoto mmoja tu. Hao wengine walihama, au wazazi wao walisema ni mipango ya Mungu na kunyamaza. Baba alikuwa anawajua wote, upande kwa upande, na amewanyamazia miaka hamsini akigawa mto robo nne mbele ya wageni.

"Baba, kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Nilijiambia haiwezekani. Sindano safi, nimeichemsha mwenyewe, mahali sahihi. Haiwezekani. Lakini kila nikiona kiungo kilichokauka, nilikuwa nakumbuka nilichoma wapi." Machozi yalikuwa yanamtiririka naye hayafuti. "Yule wa muuza mkaa yuko hai. Ana kibanda cha kuchaji simu pale kituo cha mafuta. Mimi huwa nazunguka nyuma nisipite mbele yake."

Akashika mikono ya kiti na kuanza kujiinua, na nilipomshika kwapani hakukataa.

"Nipeleke," akasema. "Kabla hajafunga."